Watu wa Hadithi na Majina Tunayowapa

Siku moja tuliandika ubaoni maneno manne: shujaa, adui, mjanja, mjinga. Wanafunzi wetu walikuwa wenye miaka 12 mpaka 14. Tukawaambia wawapange watu wa hadithi zote walizozisoma chini ya maneno hayo. Kazi ilikwisha upesi, karibu wote wakapata alama nzuri, nasi tukarudi nyumbani na furaha.

Juma lililofuata tulisikia uwanjani kijana mmoja akiitwa Fisi. Kosa lake? Mara moja tu alikuwa amekula chakula cha mwenzake, siku ambayo kwao hawakupika. Jina likamshika, naye akaanza kukaa peke yake. Ndipo tulipofahamu ya kuwa sisi ndio tuliokosa. Tuliwafundisha vijana kubandika majina. Hatukuwafundisha kutazama watu.

Basi tulijiuliza: desturi hii ya kuwapanga watu wa hadithi ilitoka wapi, nayo yafaa nini?

Mwalimu wa mimea na wa watu

Turudi kwanza kwa Wagiriki wa kale. Theophrastus alizaliwa Eresos, katika kisiwa cha Lesbos, yapata mwaka 371 kabla ya Kristo. Alikuwa mwanafunzi wa Aristotle, na baada yake akaiongoza shule yake mjini Athens. Aliandika vitabu vikubwa juu ya mimea, akiipanga kwa mizizi, majani na matunda. Tena aliandika kitabu kidogo juu ya watu, chenye sura 30. Humo mna mwenye kujipendekeza, mpiga domo, bahili, mwenye majivuno na wengine wengi.

Lakini tazameni jinsi alivyofanya. Hakutosheka kusema, «Huyu ni mwoga.» Alimwonyesha vitani. Mwoga asikia kelele za mapigano, akimbilia hemani akisema amesahau upanga wake. Amtuma mtumishi nje, auficha upanga chini ya mto wa kulalia, kisha apoteza muda mwingi kuutafuta. Halafu aletwapo mtu mwenye jeraha, aketi kando yake na kufukuza nzi. Lolote ni afadhali kuliko kurudi vitani! Kwa hiyo msomaji anacheka, lakini pia anajiuliza kama yeye mwenyewe hajapata kuuficha upanga.

Kitabu hicho kiliishi muda mrefu. Mwaka 1688 Jean de La Bruyère alikitoa kwa Kifaransa mjini Paris, akaongeza tabia za watu wa zamani zake. Miaka 20 kabla yake, mwaka 1668, La Fontaine alikuwa ameanza kutoa hadithi zake za wanyama. Wazee wetu hawakungoja vitabu hivyo. Walikuwa na Sungura mjanja na Fisi mlafi, na Baluba walikuwa na Kabundi wao. Hadithi ya jioni ni fupi. Msikilizaji lazima amtambue mtu mara moja. Jina moja na tabia moja vyatosha.

Kazi na mabadiliko

Katika karne ya 20 wataalamu wawili walileta njia nyingine. Mrusi Vladimir Propp alichapisha mwaka 1928 uchunguzi wake juu ya ngano 100 za kwao. Hakuuliza mtu huyu ni mwema au mbaya. Aliuliza anafanya kazi gani katika ngano. Akaona kazi saba, kama ile ya adui, ya msaidizi, ya mwenye kumtuma shujaa, na ya shujaa wa uongo anayedai sifa zisizo zake. Mzee, ndege au mti waweza kuwa msaidizi, na ngano ikaendelea vilevile.

Mwaka uliotangulia, 1927, mwandishi Mwingereza E. M. Forster alitoa mafundisho kwenye chuo cha Trinity, Cambridge. Aliwagawanya watu wa hadithi sehemu mbili. Wengine wamejengwa juu ya wazo moja, hata sentensi moja yawamaliza. Mfano wake ni Bibi Micawber katika kitabu cha Dickens: hatamwacha mumewe kamwe, basi. Wengine wana pande nyingi. Kipimo chake ni hiki: je, mtu huyo aweza kutushangaza, nasi tukasadiki? Leo vitabu vya shule vya Kiswahili huwaita wahusika bapa na wahusika duara. Tena Forster hakuwadharau wale bapa. Alisema ni rahisi kuwatambua na kuwakumbuka.

Shaaban Robert wa Tanganyika atusaidia kuona jambo hili. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, ndugu watatu wanaitwa Adili, Hasidi na Mwivu. Jina latangaza tabia kabla mtu hajafumbua kinywa. Hata hivyo, Adili mwema huwachapa manyani wawili kila usiku! Msomaji ashtuka: mwadilifu gani huyu? Baadaye anajua kwamba manyani hao ni nduguze waliogeuzwa, naye Adili amelazimishwa kuwachapa. Jina halikutosha, ilibidi kungoja na kuisikiliza habari nzima.

Yale tufanyayo sasa

Hatukufuta somo letu. Mtoto asiyejua kutofautisha adui na msaidizi atapotea katika hadithi. Lakini sasa kwa kila mtu wa hadithi twauliza mambo matatu. Anafanya kazi gani humu? Ni tendo gani lililotuonyesha tabia yake? Je, mwishoni yu sawa na alivyokuwa mwanzoni, na kama sivyo, nini kilimbadili? Mwanafunzi asiyeweza kuonyesha tendo kitabuni hana ruhusa ya kutoa jina.

Tulirudia pia hadithi ya Fisi. Tuliwaagiza wanafunzi waandike habari za asubuhi yake, kabla hajakutana na Sungura. Mmoja aliandika kwamba Fisi alikuwa na watoto watatu, na moto nyumbani ulikuwa umezimika tangu jana. Darasa likanyamaza. Hakuna aliyesema wizi ni mwema. Ila wengine walimtazama mwenzao aliyeketi karibu na dirisha.

Jina lile halikufa siku moja. Lilififia polepole, hata siku moja jioni tukamwona kijana yule akicheza mpira pamoja na wenziwe, nao wakimwita kwa jina alilopewa na mama yake.