Tundu la Milimita 34

Nilimpokea mpwa wangu stejini Naivasha akiwa amepakata boksi kama mtu aliyetoka hospitali na mtoto mchanga. Alikuwa amelichukua Kirinyaga Road asubuhi hiyo na kusafiri nalo kwenye matatu njia nzima bila kuliweka chini. Ndani mlikuwa na bomba la aluminiamu lililong'arishwa hadi ukajiona usoni, filta nyekundu yenye umbo la koni, vibano vya chuma na mipira ya kuungia.

“Shangazi, tukiifunga hii, gari litaanza kupumua,” aliniambia.

Gari lenyewe ni Subaru Forester ya mwaka 2009, yenye turbo, niliyoinunua mtumba kwa mkopo wa sacco ambao bado naulipa. Kazi yangu ni kutibu mifugo, na ng'ombe hawaugui kando ya lami. Wiki nzima niko kwenye vumbi la Kedong na Longonot. Gari likilala, nami nimelala.

Bei yake ilikuwa shilingi 38,000, bei ya fundi kwa fundi. Ila pesa haikuwa ndiyo shida kubwa. Kijana huyu alikuwa amemaliza miaka miwili ya kujifunza kazi kwenye gereji ya mtu, na sasa anataka kusimama mwenyewe. Gari langu lingekuwa kazi yake ya kwanza. Usiku ule baba yake, ambaye ni kaka yangu mkubwa, alinipigia simu kuniuliza habari za mvua. Kabla ya kukata akasema, “Usimvunje moyo.” Nikaomba wiki mbili, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kusoma kabla ya kudunga sindano, nikaanza kusoma.

Turbo ni ya zamani kuliko nilivyodhani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliisajili hati ya wazo lake mwaka 1905. Aliona moshi wa injini ukitoka na nguvu inayopotea bure, akawaza kuutumia kuzungusha feni, na feni hiyo izungushe nyingine ya kushindilia hewa safi ndani ya injini. Ilimchukua karibu miaka 20 kupata mafanikio ya maana, tena kwenye injini za dizeli za meli.

Waliomtangulia kuona faida yake walikuwa watu wa ndege. Ndege ikipanda, hewa inakuwa nyepesi na injini inakosa pumzi. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alibeba injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Chini bondeni injini ile ilitoa takriban nguvu za farasi 350. Kileleni, bila turbo, ilishuka hadi kama 230. Alipoiwasha turbo, zile 350 zikarudi zote na ziada kidogo.

Hapo niliacha kusoma nikatoka nje kuliangalia gari langu. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Hewa tunayoivuta hapa ina uzito wa takriban asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Ndiyo maana gari la turbo linapendwa sana huku juu: jirani yangu mwenye gari la kawaida hupoteza sehemu ya nguvu alizozilipia, mimi feni yangu inanirudishia. Lakini hairudishi bure. Inazunguka kwa kasi zaidi kuliko ambavyo ingezunguka Mombasa ili kufikia mgandamizo uleule, na kwa turbo kama hii kasi hiyo huzidi mizunguko 100,000 kwa dakika. Kila kizuizi mdomoni mwake kinaiongezea kazi. Kwa hiyo mpwa wangu hakuwa akisema upuuzi.

Mwaka 1962 General Motors ilitoa Oldsmobile Jetfire, mojawapo ya magari mawili ya kwanza ya turbo kuuzwa madukani. Wahandisi walijua kwamba hewa iliyoshindiliwa inapata joto, na joto hulipua petroli kabla ya wakati. Wakaweka tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, ya kunyunyizia hewa inapoingia. Mwenye gari alitakiwa tu kukumbuka kujaza. Wenye magari hawakukumbuka. Mwishowe kampuni iliwaita ikawapa nafasi ya kung'olewa turbo na kuwekewa kabureta ya kawaida, na wengi wakakubali. Nawaelewa kabisa. Nami huwa nasahau kujaza maji ya kioo.

Turbo yenyewe niliiona kwa macho yangu kabla sijajua jina lake. Pasaka ya 1984 nilikuwa na miaka saba, mabegani mwa baba, kando ya barabara ya vumbi si mbali na Gilgil. Safari Rally ilikuwa inapita. Nakumbuka sauti ya mluzi ndani ya mngurumo, kama mtu anapuliza chupa, halafu vumbi, halafu baba anakohoa na kucheka. Mwaka huo Björn Waldegård alishinda na Toyota Celica, gari la kwanza la turbo kushinda Safari. Toyota wakashinda tena 1985 na Juha Kankkunen, na 1986 na Waldegård mwenyewe. Kabla ya hapo wengi waliamini mashine ile ni laini mno kwa nchi hii.

Baada yao zikaja Subaru. Mwaka 1990 Jim Heather-Hayes alimaliza na Legacy ya turbo, gari la kwanza la daraja la N, lile la magari yanayokaribiana na ya dukani, kumaliza Safari. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza wa nne na Impreza. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda, na mwaka 2000 Richard Burns. Ukitaka kujua kwa nini vijana wa Nairobi huabudu gari la buluu lenye pua kwenye boneti, anzia hapo. (Na kwa kuwa tumeitaja pua hiyo: kwenye gari kama langu haipeleki hewa kwenye mdomo wa injini. Inapuliza hewa juu ya kipoza hewa kilicho chini yake, basi. Nimebishana na wanaume wazima kuhusu jambo hili hadi tukafungua boneti.)

Lakini hadithi iliyonishika zaidi haikutokea Kenya. Kufikia 1995 wenye mchezo walikuwa wameamua kwamba magari yamekuwa na nguvu za kuua, na kila turbo ya daraja la juu ikatakiwa kuvuta hewa kupitia tundu la milimita 34. Haijalishi una injini gani. Hewa yako yote itapita hapo. Oktoba mwaka huo, kwenye mbio za Catalunya, Hispania, wakaguzi walifungua Celica za timu ya Toyota wakakuta kifaa cha ajabu. Gari likiwa limekamilika, kipande cha kuwekea kile kizuizi kilisogea kikaacha mwanya wa milimita chache kandoni, na hewa ikaingia bila kupita tunduni. Mkaguzi akilegeza kibano cha bomba ili apime, springi za ndani zilifunga mwanya na kila kitu kikaonekana halali. Max Mosley, rais wa FIA, alikiri hadharani kwamba hajawahi kuona ujanja uliotengenezwa kwa ustadi kama ule. Toyota walinyang'anywa pointi zao zote za msimu na kufungiwa miezi 12.

Nilimsomea mpwa wangu kisa hiki kwenye simu. Akacheka sana. “Unaona, Shangazi? Hewa ya mdomoni ina thamani hiyo.”

Alikuwa sahihi, na hapohapo ndipo nilipoanza kumpinga. Ile timu ilihatarisha jina lake kwa sababu tundu lao lilikuwa jembamba kuliko mahitaji ya injini. Je, langu ni jembamba? Kompyuta ya injini yangu imepewa kiwango cha mgandamizo. Turbo ikikifikia, mlango mdogo unafunguliwa na moshi unapitishwa kando ili feni isizidishe. Bomba jepesi litaisaidia feni kufika mapema kidogo na bila kujichosha, lakini kiwango kitabaki kilekile mpaka mtu aiandike upya kompyuta, na hiyo ni pesa nyingine na fundi mwingine.

Kuna waya pia. Baada tu ya boksi la filta mna sensa yenye waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta hupima umeme unaotakiwa kuurudishia joto. Kwa hesabu hiyo hujua hewa ni kiasi gani na itoe petroli kiasi gani. Hesabu inategemea upana wa bomba. Weka bomba pana zaidi, hewa ileile itapita polepole mbele ya waya, kompyuta itadhani hewa ni kidogo, petroli itapungua. Injini ya turbo yenye petroli pungufu, ikiwa imebeba mzigo mlimani, inaweza kutoboa pistoni. Ongeza mafuta yanayopakwa kwenye filta za pamba: yakizidi, hurukia waya uleule.

Halafu kuna vumbi. Magari ya Safari ya miaka ile yalifungwa bomba refu lililopanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Watu wengi tuliona urembo. Lilikuwa la kutafuta hewa juu ya mto na juu ya vumbi. Mbio ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, madereva waligundua upya lile vumbi la Kedong laini kama unga wa ngano. Mimi huenda huko kila Jumanne kutazama ndama.

Nilimwambia hivi: tupime kwanza. Akanunua mpira mwembamba unaopenya mwanga, tukaukunja kama herufi U, tukatia maji yenye wino, ncha moja tukaiunga kwenye bomba kati ya filta na turbo. Mimi nikaendesha kupanda mlima kutoka Mai Mahiu, mguu umekanyaga hadi sakafuni, yeye akiwa ameshika mpira na rula. Maji yalitengana kwa sentimita 10. Tukasimama pembeni, tukaweka filta mpya ya karatasi, tukateremka tukapanda tena. Sentimita nne. Sentimita 10 za maji ni kama sehemu moja kwa mia ya mgandamizo wa hewa. Kizuizi nilichokuwa nikibishania wiki mbili kilikuwa zaidi filta chafu niliyoahirisha kuibadilisha.

Alinyamaza muda mrefu. Nilijua nimeshinda na sikufurahi. Kisha akachukua tochi, akaanza kupapasa bomba la mpira kutoka boksi la filta kuelekea turbo, mkunjo kwa mkunjo, na nikadhani anatafuta tu mahali pa kuwekea hasira.

“Shangazi, leta mkono hapa.”

Upande wa chini, usioonekana, mlikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Alipoupanua, ukingo wake wa ndani ulikuwa na tope jembamba la rangi ya Kedong. Hewa ilikuwa inaingia hapo bila kupita kwenye filta wala sensa, moja kwa moja kwenye feni. Aliifungua, akachungulia ncha za mapezi ya feni, akazigusa kwa ukucha. Zilikuwa zimeanza kulika.

“Hii ingekuua gari,” akasema. “Ndani ya mwaka.”

Boksi lilirudi Kirinyaga Road. Muuzaji alikata 3,000 zake. Bomba jipya la mpira lilikuja Alhamisi, na akalifunga kwa saa moja na nusu. Nilimlipa kazi ya siku nzima. Alikuwa amechapisha kitabu cha risiti tayari, akaandika taratibu, akinitajia herufi za jina langu kana kwamba hatujuani. Namba 001. Alipokuwa akipanda matatu alinikumbusha kwamba mkopo wa sacco unaisha Desemba, na kwamba kuna mtu anamfahamu Industrial Area anayeandika kompyuta vizuri.