Shule ya Magotini pa Mama

Kila mwaka shule zifunguliwapo, waalimu huwaona watoto wa namna mbili mlangoni. Mmoja huingia akitazama huku na huku kwa furaha. Mwingine huishika nguo ya mama yake, akalia kama anayepelekwa kifungoni. Pengine watoto hao ni wa umri mmoja, tena wa kijiji kimoja. Tofauti yao haikuanza siku ile. Ilianza nyumbani, zamani kidogo. Yuko mtu aliyeliandikia jambo hili kitabu karibu miaka 400 iliyopita, nasi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari zake, maana mashauri yake hayajachakaa.

Mtu huyo aliitwa Jan Amos Komenský, na wenye elimu wamezoea kumwita kwa jina lake la Kilatini, Comenius. Alizaliwa mwaka 1592 katika Moravia, ambayo sasa ni sehemu ya Ucheki. Alipokuwa na miaka 12 hivi alifiwa na baba na mama, akabaki mikononi mwa jamaa zake. Kwa ajili hiyo masomo yake yalikawia: alipoingia shule ya Kilatini katika mji wa Přerov alikuwa kijana wa miaka 16. Huko aliona jinsi wanafunzi walivyofundishwa kwa fimbo, na kukaririshwa maneno wasiyoyafahamu. Hakuyasahau maisha yake yote.

Baadaye akawa mwalimu na mchungaji katika Umoja wa Ndugu, kanisa ambalo warithi wake ni Wamoravian, wale waliofika Rungwe mwaka 1891. Mwaka 1618 vikatokea vita vikubwa katika Ulaya, vikadumu miaka 30. Mwaka 1622 tauni ikamwondolea mke wake na watoto wao wawili. Mwaka 1628 yeye na wenzake wakalazimika kuiacha nchi yao kwa ajili ya imani, wakaenda kukaa Leszno katika Poland. Hakurudi kukaa kwao tena hata alipokufa huko Amsterdam mwaka 1670.

Basi, katika ugeni ule, mtu huyu aliyezika watoto wake aliketi akaandika kitabu cha kuwasaidia wazazi kulea watoto wao. Kilipigwa chapa kwa Kijerumani mwaka 1633. Aliona kwamba watu waliopoteza nyumba na mashamba wakitaka kuinuka tena, yawapasa waanze na watoto.

Katika mpango wake, mafunzo ya mwanadamu hugawanyika katika shule 4, na kila moja ni ya miaka 6. Ya nne ni chuo kikuu, ya tatu ni shule ya Kilatini, ya pili ni shule ya lugha ya kwao katika kila kijiji. Ya kwanza imo katika kila nyumba, nayo aliiita shule ya magotini pa mama. Haina madawati, wala ada, wala kengele. Lakini Comenius alifundisha kwamba mbegu za elimu zote hupandwa humo. Mtoto ajuapo mvua, jiwe na moto, ameanza elimu ya viumbe. Ajuapo jua, mwezi na nyota, ameanza elimu ya anga. Ajuapo kilima, shamba na mto, ameanza jiografia. Akiweza kueleza aliyoyafanya jana, ameanza historia. Akitambua vingi na vichache, ameanza hesabu. Apewe chaki au kaa, achore nukta na mistari. Aachwe ajenge nyumba za udongo na vijiti, kwa maana mchezo ni kazi yake. Pamoja na hayo afundishwe usafi, kusema kweli, kutii na kusali.

Wasomaji waangalie jambo moja: katika hayo yote hakuna hata moja linalomhitaji mama ajue kusoma. Mama asiyejua herufi aweza kumwuliza mtoto, “Jana tulikwenda wapi? Kipi kizito, kuni hizi au mtungi huu?” Akimsikiliza mpaka amalize kujibu, amefundisha somo zima.

Sura moja ya kitabu kile yahusu hasa kumtayarisha mtoto kwa kwenda shule. Comenius aliwalaumu wazazi wa namna mbili. Wa kwanza ni wale wampelekao mtoto bila kumwambia neno, kama ndama apelekwavyo machinjoni. Wa pili ni wabaya zaidi, nao ni wale wamtishao mtoto kwa jina la mwalimu, wakifanya shule kuwa nyumba ya mateso. Twamjua mzazi huyo hata vijijini kwetu. Mtoto akimwaga maji huambiwa, “Ngoja uende shule, mwalimu atakukomesha!” Mtoto husadiki, na siku ifikapo hukimbilia uvunguni mwa kitanda. Ni nani aliyemfundisha kuogopa?

Shauri la Comenius ni kwamba wakati ukikaribia, wazazi waanze kuisifu shule kwa furaha, wamwonyeshe mtoto nguo na vyombo atakavyotumia, na kumtaja mwalimu kwa wema. Tena wamtume kwa mwalimu huyo mara kwa mara na salamu au zawadi ndogo, na mwalimu ampokee kwa upole, amwonyeshe kitabu au picha. Hivyo mtoto afikapo shuleni hakuti uso mgeni.

Tena alikataza haraka. Miaka 6 ya kwanza ni ya nyumbani, maana mwili bado mchanga. Hata baada ya hapo, mtoto apimwe kwanza. Je, ameyajua mambo ya nyumbani? Je, husikiliza aulizwapo na kujibu kwa akili? Je, ana hamu ya kujua zaidi?

Wazo hili lilipata wafuasi. Mwaka 1767 mchungaji Johann Friedrich Oberlin alifika Waldersbach, katika milima ya Vosges huko Ufaransa, nchi ya umaskini. Wazazi walishinda kazini, na wadogo wakabaki peke yao. Msichana mmoja, Sara Banzet, akaanza kuwakusanya na kuwafundisha kufuma sufu. Oberlin akaiunga mkono kazi hiyo, ikaenea vijiji vya jirani, na Louise Scheppler akaiendeleza miaka mingi mpaka alipokufa mwaka 1837. Mwaka ule ule Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefiwa na mama yake kabla hajatimiza mwaka mmoja, alianza kazi yake Blankenburg. Mwaka 1840 aliipa jina la bustani ya watoto. Aliwapa watoto mipira na vipande vya mbao wachezee, na nyimbo za kuimba pamoja na mama zao. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani hizo mwaka 1851, naye akafa mwaka uliofuata. Marufuku ikaondolewa mwaka 1860, na tangu hapo zimeenea duniani.

Kwetu nako, katika Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliipa elimu ya awali mahali pake katika elimu rasmi. Ni jambo la kushukuru. Lakini darasa la awali halikufuta shule ya magotini pa mama. Wazazi wengine hudhani kwamba mtoto aliye tayari ni yule aliyekwisha kukariri herufi zote. Sivyo. Herufi mwalimu atazifundisha. Hiyo ndiyo kazi yake. Ulimi usioogopa kuuliza, sikio linalosikiliza, mkono uliozoea kazi ndogo, na moyo usiomwogopa mwalimu, hivyo hutoka nyumbani. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi, ndugu wazazi, mwenye mtoto atakayeingia shule mwaka ujao asingoje mwezi wa kufungua. Na amchukue kwa mkono jioni moja, wapite pamoja mbele ya shule, amwonyeshe mlango atakaoingilia, na amtajie jina la mwalimu kwa wema.