Mwanafunzi wa ufamasia: anapimwaje kabla ya kuingia wodini?

Mama ametoka Bugwema, Musoma Vijijini, na mtoto wa kilo 12 mwenye malaria. Mtoto ameandikiwa dawa ya mseto (ALu). Dirishani yupo mwanafunzi wa ufamasia. Je, anajua atoe vidonge vingapi na aeleze nini? Jibu linatakiwa lijulikane kabla hajavaa koti jeupe.

Rotesheni ni nini?

Ni kipindi ambacho mwanafunzi anatoka darasani na kuzungushwa hospitalini: wodi ya watoto, wodi ya watu wazima, kliniki, stoo na dirisha la dawa. Anasimamiwa na mfamasia.

Tanzania, shahada ya ufamasia ni miaka 4, kisha mwaka 1 wa utarajali. Usajili unafanywa na Baraza la Famasi chini ya Sheria ya Famasi ya 2011. Kanda ya Ziwa, shahada hiyo inatolewa CUHAS, Bugando, jijini Mwanza.

Anapimwa nini?

*Hesabu za dozi.* Mtoto wa kilo 8 akipewa paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 120. Kama dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5, basi ni mililita 5. Nukta ikikosewa, mtoto anaweza kunywa mara kumi ya dozi yake.

*Dawa zinazogongana.* Mgonjwa anatumia dolutegravir ya VVU, sasa anaanzishiwa dawa za TB zenye rifampicin. Rifampicin inapunguza dolutegravir mwilini, hivyo mtu mzima huongezewa: miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Mwanafunzi aliye tayari analiona hilo kwenye faili na kumwambia msimamizi wake.

*Kuongea na mgonjwa.* Kwa yule mtoto wa kilo 12, mseto ni kidonge 1 mara mbili kwa siku, siku 3, jumla vidonge 6, anywe pamoja na chakula au maziwa. Dozi ya pili ni baada ya saa nane kupita. Hapa wengi wanateleza: ukisema tu "saa nane", mama anaweza kuelewa saa nane mchana. Akianza saa mbili asubuhi, mwambie saa kumi jioni.

*Kujua mpaka wake.* Asiyejua aulize, asibahatishe.

Anapimwaje?

Mtihani wa karatasi peke yake hautoshi. Mtu anaweza kupata A kwa kukariri, halafu akakwama mbele ya mgonjwa.

Ndiyo maana vyuo vingi duniani vinatumia mtihani wa vituo, OSCE, ulioanzishwa na Ronald Harden huko Dundee, Uskoti, na kuchapishwa mwaka 1975. Mwanafunzi anapita kituo kwa kituo kwa dakika chache: hapa anapiga hesabu, pale anamhudumia mtu anayeigiza mgonjwa. Kila msahihishaji ana orodha ya kutiki, na wote wanapimwa kwa mambo yaleyale.

Akifeli?

Anarudia mazoezi kwenye kile alichokosea. Afadhali akosee mbele ya mwigizaji kuliko mbele ya mtoto mwenye homa.

Jipime nyumbani

Ukiwa likizo, mweleze bibi au jirani dozi ya dawa moja, kisha mwombe akurudishie alivyoelewa. Akikosea, rekebisha maelezo yako kwanza.