Jua likichafuka, foni inanyamaza: mambo ya kujua Kasongo na Kabambare

Katika vijiji vingi vya teritwari za Kasongo na Kabambare, rezo ya simu haifiki. Huko foni ndiyo inapeleka habari ya mgonjwa wa kuhamishwa, ya dawa zilizoisha, ya bei na ya usalama wa njia. Ikinyamaza ghafula, watu wanawaza mabaya: labda kijiji kimevamiwa. Mara nyingi sababu ni ya karibu: batri imekwisha nguvu, waya wa antena umekatika, au radi imepiga. Lakini kuna sababu moja inayotoka mbali sana, kilometa milioni 150 kutoka hapa. Ni jua lenyewe.

Jua linafanya nini?

Juu ya uso wa jua kunatokea madoa meusi, mahali ambapo nguvu ya sumaku imejikusanya. Madoa hayo yanaongezeka na kupungua kwa kipindi cha miaka 11 hivi. Kipindi cha sasa ni cha 25 tangu hesabu ianze. Kilianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba jua limefika kwenye kilele chake. Kupita kwa kilele si mwisho wa hatari: dhoruba kubwa za 2003 na 2017 zilitokea wakati kipindi kilikuwa kinashuka.

Kunatoka mambo mawili tofauti. La kwanza ni mlipuko wa mwanga mkali usioonekana kwa macho. Unafika duniani kwa dakika 8 tu, kwa hiyo hakuna wa kutuonya mapema. La pili ni wingu la chembe zenye umeme, ambalo linasafiri kwa siku moja hadi tatu. Likigonga ngao ya sumaku inayozunguka dunia, ngao hiyo inatikisika: ndiyo dhoruba ya sumaku.

Kwa nini foni inaumia?

Sauti ya foni haiendi moja kwa moja kutoka Kabambare mpaka Kasongo au Kindu. Inapanda juu, inagonga tabaka la hewa yenye umeme linaloitwa ayonosfia, kisha inarudi chini. Mlipuko wa jua ukitokea mchana, sehemu ya chini ya tabaka hilo inanenepa na kumeza sauti njiani. Inaweza kuchukua dakika chache, hata zaidi ya saa moja. Usiku mlipuko wa namna hiyo hautugusi, maana jua liko upande mwingine.

Pigo ni kali zaidi mahali ambapo jua liko wima kichwani. Kwa Kasongo hali hiyo inafika mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na tarehe 4 Oktoba, saa sita mchana.

Mfano ni tarehe 6 Septemba 2017. Mlipuko mkubwa kuliko yote ya kipindi kile ulifika kilele saa 8 na dakika 2 mchana (14h02) kwa saa za Kasongo. Afrika yote ilikuwa mchana. Kule visiwa vya Karibi, ambako kimbunga Irma kilikuwa kinabomoa nyumba siku ileile, mawasiliano ya redio ya waokoaji na ya ndege yalikatika katika saa ambazo yalihitajiwa zaidi.

GPS na mipaka ya mashamba

Dunia ina ikweta nyingine, ya sumaku. Upande wetu wa Afrika inapita kaskazini, katika Chad na Ethiopia. Mchana, umeme wa ayonosfia unapandishwa juu ya mstari huo sawa maji ya chemchemi, kisha unamwagika pande mbili, nyuzi 15 hivi kaskazini na kusini. Maniema ya kusini iko karibu kabisa na pale unapomwagika.

Ndiyo maana baada ya jua kutua, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa sita hivi, ishara za setilaiti zinaweza kuyumba, hasa Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, katika miaka ya madoa mengi. GPS inaweza kukosea kwa mita nyingi. Kwa mtu anayepima mpaka wa shamba, wa kijiji au wa karee ya dhahabu, mita hizo ni ugomvi wa miaka. Afadhali kupima asubuhi na kurudia siku nyingine.

Busole haina shida kubwa. Hata katika dhoruba kali, huku kwetu sindano inahama chini ya digri moja.

Nani anachunga jua?

Kongo iliingia mapema katika kazi hii. Kituo cha kupima sumaku ya dunia kilifunguliwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1932. Lwiro, karibu na Bukavu, taasisi ya IRSAC iliyoundwa 1947 ilipima pia ayonosfia.

Leo kuna setilaiti zinazokaa kilometa milioni 1.5 mbele ya dunia, na zinatoa onyo la dakika 15 hadi 60 kabla ya wingu kufika. Kwa Afrika, kituo cha SANSA kilichoko Hermanus, Afrika Kusini, kinafanya kazi usiku na mchana tangu Novemba 2022. Nguvu ya dhoruba ya sumaku inapimwa kwa ngazi za G1 mpaka G5.

Tusilaumu jua kwa kila kitu

Tarehe 10 na 11 Mei 2024 dunia ilipata dhoruba ya G5, ya kwanza tangu 2003. Tarehe 12 Mei intaneti ikakatika katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Ingekuwa rahisi kusema ni jua. Kumbe ni nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilizoharibika upande wa Afrika Kusini.

Tena, ule ujumbe unaozunguka WhatsApp ukisema mzime simu usiku kwa sababu ya mionzi hatari ni uongo wa miaka mingi. Dhoruba ya jua haichomi mtu aliye chini na hailipui simu.

Kwa wenye foni

Kwanza, angalia batri na antena. Kama chombo chako peke yake ndicho kimenyamaza, tatizo liko kwako.

Kama ni mchana na vituo vyote vimepotea pamoja, hata ile kelele ya kawaida imepungua, jua linawezekana. Usifungue chombo.

Jaribu masafa ya juu kidogo mliyokubaliana mapema, maana ya chini yanaumia zaidi na kurudi mwisho. Kisha rudia kila dakika 15.

Andika katika daftari tarehe, saa na masafa.

Kwa mgonjwa mahututi, msingoje: tumeni mtu wa pikipiki na barua. Na kabla ya kutangaza kwamba kijiji kimevamiwa, ulizeni kwanza kama vituo vingine vinasikika.