Notisi inasema tusilete chakula kazini. Ngoja kwanza niwape historia

Wiki jana, kwenye hoteli ninayoifanyia video siku tatu kwa wiki hapa Diani, mlango wa kantini ya wafanyakazi ulibandikwa notisi. Karatasi moja, mistari mitatu. Kuanzia sasa chakula cha kutoka nyumbani kisiletwe kazini kugawiwa wenzako, iwe sikukuu, iwe msimu wa matunda. Sababu ni usafi. Ramadhani iliyopita eti tambi ziliachwa juu ya friji zikaleta sisimizi, na Desemba mtu akasahau kapu la maembe chini ya meza mpaka yakaoza.

Hao sisimizi niliwaona kwa macho yangu. Siwatetei.

Kilichonishtua ni vijana wenzangu. Kwenye grupu la kazi walishangilia! Mmoja akaandika afadhali, amechoka kupewa kaimati halafu anajiona ana deni. Mwingine akasema kila mtu ale chake, tumekuja kazini, hatukuja matangani.

Deni. Hilo neno ndilo lililonikaa kichwani. Manake ni kweli, lile ni deni. Lakini hebu tuulize, kwa nini watu wa pwani hii walilitaka hilo deni miaka yote?

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo digrii ya historia msiniulize. Ninaye babu, ninaye mama, na nina muda wa kusoma ripoti ambazo watu huzisikia tu kwa jina. Twende.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alishuka na pwani yetu kwa upepo wa kaskazi. Kabla ya kufika Mombasa na Kilwa alitia nanga Mogadishu. Akaeleza kwamba jahazi likifika, vijana wa mji huliendea na mashua ndogo, kila mmoja ameshika sahani ya chakula iliyofunikwa. Humpa mfanyabiashara mmoja aliye chomboni na kusema huyu ni mgeni wangu. Kuanzia hapo mgeni analala kwa huyo mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia bidhaa. Na mezani alikuta nini? Achari ya maembe mabichi. Yaani ile achari unayokula na wali leo ina umri wa karibu miaka 700 kwenye pwani hii.

Angalia mpangilio lakini. Sahani kwanza, biashara baadaye. Watu hawajuani, lugha tofauti, pesa nyingi iko katikati. Hakuna mkataba wala wakili. Sahani ndiyo inayosema: mimi na wewe sasa tunajuana, ukinidhulumu utakuwa umemdhulumu aliyekulisha.

Sasa njooni karibu, Ramisi, upande wa Msambweni. Kiwanda cha sukari pale kilianza miaka ya 1920 na kikafa 1988. Babu yangu alikata miwa hapo. Anasema kila Diwali kulikuwa na mithai. Makarani Wahindi walileta maboksi, msimamizi akachukua lake, linalobaki likashuka kwa nyapara, na mkata miwa akapata kipande kimoja cha ladu mkononi, saa nyingine nusu. Babu mpaka leo anaisifia ile ladu. Lakini nilipomuuliza, "Na nyinyi mliwapelekea nini?" akacheka. "Sisi? Tungewapelekea nini, mwanangu? Kile kilikuwa kinashuka tu. Hakikuwa kinapanda."

Nikamwuliza tena, na nyinyi kwa nyinyi? Hapo akabadilika uso. Wadigo, Wakamba, Wajaluo kwenye laini moja ya nyumba za kampuni. Mkamba akitoka likizo na maembe, Mdigo ana samaki na nazi, na chombo kikija na kitu hakirudi kitupu. Kwa hivyo kuna chakula kinachoshuka na kuna chakula kinachozunguka. Kinachoshuka ni zawadi, unasema asante yameisha. Kinachozunguka hakiishi, maana kila wakati kuna mtu anadaiwa.

Kisha zikaja hoteli. Miaka ya 1970 na 1980 Diani ilijaa hoteli, na kazi ya hoteli ina kalenda yake. Krismasi ndiyo wageni wanajaa, kwa hivyo mfanyakazi wa bara haendi kwao kula sikukuu na watu wake. Yuko zamu, anakunja vitambaa vya meza. Na Ramadhani? Adhana ya magharibi huku inapiga saa kumi na mbili unusu hivi, saa ileile jikoni kumechacha na wageni wanaanza kushuka kwa chakula cha jioni. Mwislamu anafungua kwa tende moja na maji, amesimama nyuma ya mlango.

Hapo ndipo watu walipobuni mfumo ambao haukuandikwa popote. Mama yangu alifanya kazi ya dobi kwenye hoteli moja hapa tangu 1995. Anasema jioni za Ramadhani mwenzake Mkristo anamwambia, "Nenda kafungue, nitakushikia." Dakika kumi na tano anabaki peke yake na mashine mbili. Mama akirudi anarudi na bakuli: mbaazi, mahamri, kaimati. Desemba 25 mambo yanageuka. Mama anashika zamu ya asubuhi ili mwenzake aende kanisani, na mwenzake anarudi na chapati. Kwa hivyo unaposema umepewa kaimati, ukweli ni kwamba mmeuziana muda. Kaimati ni risiti tu.

Huyo mwenzake alikuwa mwanamke wa Siaya. Nitamwita Anti, maana ndivyo ninavyomwita mpaka leo. Kila akitoka likizo alikuja na karanga za kwao kwenye bakuli la plastiki la kijani lenye kifuniko. Agosti 1997 lile bakuli lilikuwa nyumbani kwa mama, limeoshwa, linangoja kujazwa.

Usiku wa Agosti 13, 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Polisi wakauawa, bunduki zikachukuliwa, nyumba na vibanda vikachomwa. Vurugu zikashuka mpaka huku Ukunda na Diani. Waliolengwa ni watu wa bara. Shirika la Human Rights Watch kwenye ripoti yake ya 2002 linasema watu zaidi ya 100 waliuawa na wapatao 100,000 wakayahama makazi yao. Tume ya Akiwumi iliundwa 1998 kuchunguza, na ripoti yake ikakaa kabatini mpaka 2002.

Mimi ni Mdigo, nitasema bila kuzunguka. Wengi wa waliovamia walikuwa vijana wa kwetu. Ndiyo, kulikuwa na uchungu wa ardhi na wa kazi za hoteli kuwapita wenyeji. Ndiyo, kulikuwa na wanasiasa nyuma yake, na uchaguzi ulikuwa Desemba hiyohiyo. Na baadaye polisi waliwapiga na kuwatesa Wadigo wengi ambao hawakuhusika. Yote ni kweli. Na aliyekatwa panga pia ni kweli.

Hii sehemu inayofuata mama hakuwahi kunieleza mpaka mwaka jana. Siku chache kabla ya Likoni, kisimani kulikuwa na maneno. Kwamba watu wa bara wataondoka, wapende wasipende. Mama aliyasikia. Kesho yake akaenda kazini, akakaa na Anti, wakala pamoja, hakusema kitu. "Nilidhani ni maneno ya barazani tu," aliniambia. Halafu akanyamaza, akasema, "Hapana. Niliogopa wa kwetu wataniona msaliti."

Anti alikimbia usiku na mtoto mgongoni, akalala kanisani Likoni na mamia ya wengine, kisha akapanda basi la Siaya. Bakuli likabaki.

Kwa hivyo simwambii mtu kwamba sahani inazuia panga. Haikuzuia. Mama alikuwa na deni la karanga na akashindwa kulilipa kwa neno moja tu: ondoka.

Lakini sikizeni kilichofuata. Wageni walikatika, hoteli zikapunguza watu, mama akabaki kwa siku tatu za wiki. Mwisho wa 1997, ndani ya wiki moja tu, kukawa na Krismasi, kura na mwezi mwandamo wa Ramadhani. Kantini ilikuwa na viti vitupu. Krismasi hakukuwa na chapati. Na jioni ya kwanza ya mfungo adhana ikapiga, mama kashika mashuka mabichi mikononi, hakuna wa kumwambia nenda kafungue. Anasema alifungua saa mbili usiku. Anasema hapo ndipo alipojua wamefanya nini. Aliyasikia yote redioni, akajua kuna waliokufa, lakini kwake mwenyewe lilimwingia pale, amesimama na mashuka.

Anti alirudi Novemba 1998. Si kwa sababu mambo yalikuwa mazuri, hata bomu la Nairobi la Agosti lilikuwa limefukuza wageni tena. Alirudi kwa sababu kwao hakukuwa na kazi na hoteli ilihitaji vibarua wa Desemba. Mwaka huo Krismasi iliangukia Ijumaa, ndani ya Ramadhani. Mama alichukua lile bakuli la kijani, akalijaza kaimati, akaenda nalo kazini. Jioni akamwekea mbele. Akamwambia yote: kisimani, maneno, kunyamaza kwake.

Anti alitazama bakuli muda mrefu. Akauliza, "Kifuniko kiko wapi?"

Kilikuwa kimepasuka. Mama alikuwa amefunika kwa kitambaa.

"Utaninunulia kifuniko," Anti akasema. Adhana ikapiga. "Haya, nenda kafungue. Nitakushikia."

Sijui kama huo ni msamaha, na mama pia hajui. Anti mwenyewe nilipompigia simu wiki hii alisema, "Mwanangu, nilikuwa nimechoka na nilikuwa na mashine mbili." Lakini bakuli likarudi kwa mama na karanga, likaenda na mahamri, likarudi. Mimi nimezaliwa 2003 nimelikuta linazunguka. Kifuniko hakikununuliwa kamwe. Nadhani ni makusudi.

Sasa nirudi kwenye notisi. Wenzangu, nawaelewa. Kuna mtu mshahara wake haumtoshi mpaka tarehe 20, na sahani ya watu kumi si mchezo. Huyo asilazimishwe. Miaka yote wapo waliolipa kwa kushika zamu tu, na hesabu ikawa sawa. Na usafi ni haki ya kila mtu: tununue vyombo vyenye vifuniko, tuweke zamu ya kupangusa meza, kilichobaki kiondoke siku hiyohiyo. Hilo ni jambo la shilingi mia chache kila mtu. Huhitaji kufuta miaka 700 kwa sababu ya sisimizi.

Ila hili la "kila mtu ale chake" ndilo ninaloliogopa. Mwaka huu wa 2026 Kwaresima na Ramadhani zinaanza wiki moja, mwezi wa pili. Watu wawili wanaofunga kwenye meza moja, nafasi nzuri kama nini! Agosti 2027 tunapiga kura tena, na maneno ya kisimani siku hizi yanapita kwenye simu, yanafika haraka zaidi. Na 2030, kwa hesabu ya mwezi, Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzo wa Januari na tena mwisho wa Desemba, ikiigusa Krismasi kama ile ya 1997.

Siku yale maneno yakirudi, mtu hatampigia simu mwenzake kwa sababu walihudhuria semina ya mshikamano. Atampigia kwa sababu bakuli lake liko kwake. Na safari hii apige. Mama yangu alikuwa nalo na hakupiga, na anaishi na hilo.

Jumatatu nakwenda kumwona supavaiza kuhusu ile notisi. Nitakwenda na maembe, ngowe za mwisho mwisho za msimu, kwenye chombo chenye kifuniko.

Na wewe, bakuli la nani liko kwako?