Chukudu na Mlima wa Kibumba

Kabla jua halijachomoza nyuma ya mlima Karisimbi, barabara ya Kibumba huwa imekwisha kuamka. Kwanza unasikia ngurumo ya magurudumu ya mbao juu ya mawe, ikikaribia haraka kuliko unavyotarajia. Kisha anatokea mtu, amesimama wima nyuma ya rundo la magunia, mikono imeshika usukani wa mti, macho hayabanduki njiani. Akifika penye kona anashusha kisigino juu ya kipande cha tairi kilichopigiliwa misumari juu ya gurudumu la nyuma. Mpira unabana mpira, harufu ya kuungua inapanda, chombo kinapunguza kasi. Hiyo ndiyo breki yake. Mbele yake kuna malori, pikipiki, akina mama wenye vikapu na watoto wa shule, na juu ya chombo chake kuna chakula cha mji mzima.

Watu wa Goma hatuhitaji kuelezwa chukudu ni nini, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, lakini wageni huiona ikishuka tu, wakapiga picha, wakaenda zao. Nusu ya kazi hawaioni. Kila chukudu inayoshuka ilipandishwa kwanza, na aliyeipandisha ni mwenyewe, kwa miguu yake. Goma iko mashariki mwa Kongo, kando ya Ziwa Kivu, ambalo maji yake yako kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukishika barabara ya taifa kwenda Rutshuru unaanza kupanda, na ukifika Kibati, pale walipokuwa wakianzia watalii wa volkeno ya Nyiragongo, uko karibu mita 2,000. Ni kupanda mita 500 katika umbali usiofika kilomita 20. Kibumba iko mbele zaidi, katikati ya Nyiragongo upande mmoja na Mikeno na Karisimbi upande mwingine. Mwenye chukudu anaondoka mjini usiku au alasiri, anaisukuma mikono ikiwa imenyooka na kifua kimeinama, anapumzika, anasukuma tena. Wengine hulala hukohuko juu, wakapakia alfajiri. Chukudu tupu yenyewe ni mzigo, kwa sababu ni mti mtupu.

Na mti wenyewe si wowote. Fremu huchongwa kwa mkaratusi, unaokua haraka katika vilima vya Kivu. Magurudumu huhitaji mti mgumu zaidi, na mafundi husifu mumba. Gurudumu likishachongwa huvalishwa ukanda wa tairi kuukuu, ili lisipasuke juu ya mawe na lisiteleze kwenye tope. Katikati ya ubao wa kusimamia, au kandokando yake, huwekwa kipande cha sandali kuukuu au godoro. Hapo ndipo goti linapotua penye tambarare, mguu mmoja ukiwa juu na mwingine ukipiga ardhi. Goti lisilo na kipande hicho halimalizi wiki. Fundi mzuri huunda chukudu ya kawaida kwa siku moja hadi tatu, akiwa na panga, shoka, patasi na misumari, na chombo hicho hufanya kazi miaka miwili au mitatu. Zile kubwa, ambazo urefu wake unampita mtu, hubeba hata kilo 800. Jina lake, wenyewe wanasema, ni mlio wake tu: chuku-du, chuku-du, gurudumu likigonga jiwe baada ya jiwe.

Chombo hiki kilienea Kivu katika miaka ya 1970, na wakati huo haukuwa wa bahati tu. Kongo ilikuwa imeitwa Zaire tangu Oktoba 1971. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatatwaliwa na Wazaire. Katika muda mfupi maduka mengi yakakauka, malori yakakosa vipuri, na mashamba makubwa yaliyokuwa na magari yao yakabaki na vibanda vya magari. Bei ya shaba ikaanguka, ya mafuta ikapanda. Barabara zilizojengwa wakati wa Wabelgiji hazikutengenezwa tena, mvua ikazila. Lakini kabichi haisubiri serikali. Udongo wa volkeno wa Kibumba na Masisi uliendelea kutoa viazi, vitunguu, karoti na zile kabichi ambazo sisi Goma tunaziita shu, na mji ulio chini ulikuwa unazidi kukua na kula. Kati ya shamba na soko palibaki mlima, na mlima hauombi mafuta. Mtu aliyetazama mteremko ule akaona kwamba mzigo unaweza kushuka wenyewe, mradi uwe na magurudumu na mtu wa kuuongoza, ndiye aliyetupa chukudu. Jina lake halikuandikwa popote, na hilo linanisikitisha kila ninapolifikiri.

Mara nyingi nimesikia watu wakisema kwamba chukudu ni baiskeli iliyoshindwa kuwa baiskeli. Si kweli hata kidogo. Baiskeli yenyewe ilianza hivyohivyo. Tarehe 12 Juni 1817, katika mji wa Mannheim, Ujerumani, bwana mmoja aitwaye Karl Drais alitoka na chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, bila pedali wala mnyororo, akawa anakisukuma kwa kupiga ardhi kwa miguu. Wapo wanahistoria wanaosema kwamba kilichomsukuma kubuni ni volkeno: mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka Aprili 1815, gesi na vumbi lake vikafunika anga la dunia, mwaka 1816 Ulaya ikakosa kiangazi, mavuno yakafa, na chakula cha farasi kikawa ghali mno. Wengine hawakubali hoja hiyo. Mimi ninayeishi chini ya Nyiragongo naielewa bila shida. Wala sioni haja ya kutafuta mgeni aliyelileta wazo hili Kivu. Palipo na shida ya usafiri, mbao na akili, gurudumu la mbele litapata usukani.

Volkeno yetu nayo haijaiacha barabara hii. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililoko ndani ya Nyiragongo, mlima wa mita 3,470, lilitoboka, na uji wa moto ukashuka kwa kasi ambayo watu wa vijiji vya chini hawakuweza kuikimbia. Tarehe 17 Januari 2002 ulifika mjini penyewe, ukaigawa Goma mapande mawili, ukafunika sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege, na kuacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Uji ulipopoa tukajenga upya juu ya jiwe lilelile, na mbao, mabati, mawe na mchanga vilikuwa vinapita mtaa hadi mtaa juu ya chukudu. Katika mawe yale makali tairi la gari hupasuka. Gurudumu la mti huumia pole pole, na jioni fundi hulichonga tena. Kisha ukaja usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Mara hii uji ulikata barabara ya Rutshuru yenyewe, ukasimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Siku chache baadaye watu walikuwa wanakanyaga jiwe ambalo bado lilikuwa linatoa moshi ili chakula kisikome kuingia mjini.

Vita navyo vimeipitia njia hii kama nyumba isiyo na mlango. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Goma, na Kibumba ikageuka kambi kubwa juu ya mawe yasiyo na maji, kipindupindu kikawaua kwa maelfu. Tarehe 20 Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma kwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa 2022 mapigano yalirudi Kibumba, na tarehe 23 Desemba mwaka huo hapo ndipo palipofanyika sherehe ya M23 kukabidhi eneo kwa jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ukaanguka tena mikononi mwa M23. Katika kila moja ya tarehe hizo, mama wa Goma hakuhitaji redio kujua hali ya Kibumba. Alienda sokoni akauliza bei ya shu. Chukudu zikiacha kushuka, bei hupanda siku hiyohiyo.

Kuna jambo jingine ambalo lazima lisemwe, kwa kuwa historia isiyosema yote haimsaidii mtu. Juu ya chukudu hizi hushuka pia makaa ya miti, na sehemu kubwa ya makaa hayo hutoka ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Walinzi wengi wa hifadhi hiyo wameuawa wakiilinda. Lakini nikimwona kijana amebeba magunia marefu ya makaa, simwoni adui wa msitu. Namwona mtu wa mwisho katika mnyororo mrefu, anayelipwa kidogo kuliko wote, na anayefika akiwa mweusi tii huku jikoni kwetu sote moto unasubiri.

Mwaka 2009, wakati wa Rais Joseph Kabila, Goma ilimsimamishia mwenye chukudu sanamu. Iko pale kwenye mzunguko unaobeba jina la chukudu, inang'aa kwa rangi ya dhahabu, na leo ukimwelekeza mgeni mjini huwezi kuikwepa. Miji mingi ya dunia huwapa nafasi hiyo majenerali wenye farasi. Sisi tuliwapa watu wanaosukuma kabichi, na ninajivunia hilo kwa moyo wote.

Hata hivyo, aliye barabarani hajapata kitu. Pikipiki za mizigo zimeongezeka na zinamnyang'anya wateja wa mjini. Kijana anayeweza kukopa huacha chukudu akawa motari, yaani dereva wa pikipiki. Anayebaki na mlima ni yule asiye na njia nyingine, ambaye chombo chake kwa miaka mingi kilinunuliwa kwa dola kati ya 50 na 100, akakilipa kwa magoti. Anaposhuka kutoka Kibati hana pembeni pa kukimbilia. Lami, hata ikianza kuchimbika, huwa ya magari, ukingo huwa wa mawe, na lori likimbana anabaki kuchagua kati ya mtaro na gurudumu.

Barabara ya Goma kwenda Rutshuru itatengenezwa tena siku moja, maana kila utawala uliopita umeiahidi. Atakayekuja na michoro yake aende kwanza Kibumba alfajiri, asimame kando ya njia, ahesabu chukudu zinazoshuka kwa saa moja tu. Kisha aongeze kwenye michoro hiyo mita moja na nusu ya lami upande wa mteremko, kwa ajili yao peke yao.