Kutoka Kulinda Hadi Kulindana: Mume Anayepigwa na Sheria Yetu



Hapa Bukavu, mume anayepigwa na mkewe huchekwa kabla ya kuulizwa kama ameumia. Naye hujifunza kunyamaza, akidhani hata sheria ya nchi haimtambui. Tuitazame basi historia ya sheria hiyo.

Kanuni ya Adhabu iliyotolewa na Wabelgiji tarehe 30 Januari 1940 ingali msingi wa hukumu zetu. Kifungu cha 46 humwadhibu yeyote ampigaye au amjeruhiye mtu kwa makusudi: kifungo cha siku 8 hadi miezi 6, faini, au vyote viwili. Hakitaji mume wala mke. Mlango wa mahakama haukufungwa kamwe mbele ya mwanamume aliyepigwa.

Kilichomzuia ni wazo lililokaa katika sheria ya ndoa. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, katika kifungu cha 444, ilimfanya mume kuwa mkuu wa nyumba: yeye amlinde mkewe, na mke amtii. Maneno hayo yalimlemea kwanza mwanamke, aliyehitaji idhini ya mumewe hata kufungua kesi. Lakini yalimfunga na mwanamume pia: aliyeandikwa kuwa mlinzi angeombaje ulinzi?

Mabadiliko yalikuja polepole. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006, iliyozaliwa na mateso ya vita, ilikiri wazi kwamba mwanamume naye aweza kubakwa. Kisha, tarehe 15 Julai 2016, Kanuni ya Familia ikarekebishwa. Mume alibaki mkuu wa nyumba, ila utii wa mke uliondolewa, na wote wawili wakaamriwa kulindana. Kutoka kulinda hadi kulindana ni silabi moja tu. Lakini ndani yake mume naye amepata haki ya kulindwa.

Kanisa lilikuwa limekwisha kunena hivyo. Kanoni ya 1153, katika Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, humruhusu mwanandoa yeyote kuachana kwa muda na mwenzake anayemtia katika hatari kubwa ya roho au mwili.

Hatusahau kwamba wanawake ndio wengi kati ya wanaoteswa majumbani. Kumsikiliza mwanamume mmoja aliyeumizwa hakupunguzi haki yao. Hutokana na haki ile ile.

Basi, rafiki au kaka akikuambia anapigwa nyumbani, usicheke. Msindikize kwa daktari apate hati ya majeraha, kisha polisi au Mahakama ya Amani, ambayo ina uwezo wa kusikiliza kesi ya namna hiyo. Mwambie pia asirudishe pigo, maana kifungu cha 46 kitamshika na yeye. Sheria imekwisha kusema. Kicheko chetu ndicho kinachomziba mdomo aliyeumizwa.